Kompyuta Zilizovalishwa Vitambaa

Kyalo, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na unajua mimi nikikasirika huwa nachekesha watu tu. Leo usicheke.

Kile chumba chako cha kompyuta kimefungwa. Tulipomaliza kukuzika, hedmasta alitia kufuli, ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Kompyuta ulizoiombea shule yetu hapa Kivaa kwa kubembeleza watu zimevalishwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya bibi harusi. Wewe ulikuwa unasema, "Acha waguse, ikiharibika nitalia mimi." Sasa hakuna anayegusa. Somo linafundishwa ubaoni, na nani? Na mimi, uliyenifundisha kuandika jina langu kwa kompyuta mpaka ukasinzia! Nilichora kibodi kwa chaki, msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo ni trei ya mayai?" Nikacheka nao. Moyoni nilikuwa naungua.

Juzi wageni wa elimu walikuja kutoka Machakos mjini. Vitambaa vikatolewa. Darasa la sita wakaketishwa mbele ya mashine zilizozimwa, vidole juu ya kibodi, wapigwe picha. "Msibonyeze kitu!" Binti yako Mwende akabonyeza. Aliiwasha vile ulivyomwonyesha, Kyalo, akaanza kuandika. Wageni wakapiga makofi. Walipoondoka tu, hedmasta akamfukuza: "Usirudi hapa bila babako."

Babako! Na hedmasta mwenyewe alisimama kando ya kaburi lako akasoma risala! Mtoto alitembea mpaka kwangu. Hakulia. Aliniuliza kama mimi naweza kutosha.

Nikavaa koti langu la harusi, lile lisilofunga tena tumboni, nikaenda ofisini.

"Mwalimu Musyoka, si uko na kipindi?"

"Leo mimi si mwalimu. Umeita baba ya Mwende, ndiyo huyu nimekuja."

Akaangalia dirisha. Nikamwambia sitachora tena kompyuta ubaoni, atafute msanii. Mwishowe akatupa ufunguo mezani: "Ikiharibika, ni wewe." Niliuchukua kabla hajapumua.

Hasira bado ninayo. Kwake, na kwako pia, kwa kuondoka kabla sijajua hata kuizima kompyuta vizuri.

Pumzika, Kyalo. Jumatatu darasa la sita wanaingia, na Mwende ataketi mbele, anielekeze. Na hili nakuahidi: yeyote atakayemwambia tena alete baba, atanikuta nimeshafika mlangoni, koti wazi, tumbo mbele.

Wako,
Musyoka