Treni ya marehemu babu yake Sarah

Shamimu, kaka yangu Vincent ametuua! Tuko Morotonga kwa kina Sarah, mchumba wake, tumekuja kupatana ng'ombe wa mahari.

Si unajua kichaa chake cha kutambua treni za zamani kwenye picha? Akaona ukutani picha ya marehemu babu yao, kasimama mbele ya treni. Bibi yake Sarah akajisifu: "Hapo alikuwa kazini Kisumu, miaka mitatu."

Kaka yangu akaikodolea macho. "Hapana bibi. Angalia pua ya hii treni, na hiyo D mbele ya namba. Hii ni dizeli ya Uingereza, haijawahi kuletwa Afrika."

HAIJAWAHI KULETWA AFRIKA. Mbele ya wakwe!

Bibi akashika fimbo yake. Kisha: "Kumbe Kisumu hakufika? Hiyo miaka mitatu alikuwa wapi?"

Sasa hivi amebeba fimbo, yuko kaburini anamfokea mumewe. Wazee nao wamegoma kuzungumzia ng'ombe mpaka marehemu ajibu.