Kistari cha Saa Tisa

2 Oktoba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza ukali. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema unywe dawa kwa wakati. Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu havipikiki chungu kimoja.

Mjomba amefikisha madaftari ya Babu, yote matano. Mwalimu wa jiografia aliyafungua taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Anasema hajawahi kuona miaka arobaini ya joto la mahali pamoja, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, bila kuruka siku. Ofisi ya hali ya hewa inayataka, maana nakala zake ziliharibika kwa maji. Tutayapeleka mwisho wa Novemba, na kazi ya Babu itatambuliwa.

Tumejifunza kwamba joto la dunia hubadilika kwa sababu za asili na za binadamu. Nguvu ya jua hupungua na kuongezeka kidogo, bahari hugeuza mikondo yake, milima ya moto hulipuka. Katika daftari la pili Babu ameandika: "Jua limefifia. Wanasema ni majivu ya mlima wa mbali." Namba zikashuka, na baada ya miaka miwili zikarudi. Mwalimu akasema, "Mlima ukikohoa, dunia hupoa kidogo kisha husahau. Sisi tukichoma makaa ya mawe na mafuta, tukafyeka na misitu, hewa ya ukaa hubaki juu kama blanketi, na hilo dunia haisahau." Kuanzia hapo namba za Babu zinapanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi usiku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba.

Nimefika daftari la nne. Nina swali: kistari maana yake nini? Nimekiona kimoja tu, daftari la kwanza, tarehe 22 Mei, saa tisa alasiri.

Mjukuu wako

9 Oktoba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, limeamua kuzeeka kabla yangu. Mwambie mama yako dawa nakunywa, hata zile chungu.

Kistari ulichokiona ni mimi. Babu yako hakuwahi kukisia namba. Kama hakuwepo kuisoma aliandika kistari, maana yake: mpimaji hayupo. Siku tuliyooana alitoroka asubuhi kwenda kisandukuni, akarudi na vumbi kwenye suruali ya harusi. Ilipofika saa tisa wazee wakamshika mkono, akashindwa kutoka. Hadi uzeeni alikuwa akinilaumu: "Umenikosesha namba moja." Ndiyo maana nasema mke mkubwa ni kile kisanduku cheupe cha kipimajoto, mimi wa pili, wewe wa tatu.

Bado kimesimama uani kwa miguu yake minne. Bawaba ya mlango wake hulia saa tatu kamili, na tena saa tisa. Ni upepo, nadhani. Upepo wenye saa mkononi.

Daftari la tano lilichanganyika na mengine kwa bahati mbaya. Usilifungue. Mpe mjomba alirudishe.

Bibi yako

16 Oktoba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi silali vizuri.

Barua yako ilichelewa siku mbili. Namba za madaftari yote, hata la tano, tulikuwa tumeshazichora kwenye grafu ukutani. Mstari mwekundu unapanda miaka yote, kisha miaka mitatu ya mwisho unaanguka na kulala kimya. Mwenzetu tunayemwita Wakili, ambaye baba yake anafanya kazi kiwanda cha saruji, alisimama akasema, "Mnaona? Dunia imejiponya. Lilikuwa joto la asili, mnawasingizia tu wenye viwanda."

"Kaa chini Wakili, kesi yako haijaitwa," Mwalimu akamwambia. Lakini yeye mwenyewe aliutazama ule mstari muda mrefu.

Bibi, darasa zima ni mimi peke yangu ninayejua Babu alifariki lini. Namba za miaka hiyo mitatu zina mwandiko wake, hata ile saba yake iliyofungwa mkanda kiunoni. Niliogopa kufunua kurasa. Nilihisi kuna mtu anasoma juu ya bega langu. Nikafika 22 Mei, saa tisa: kistari. Mwaka uliofuata, 22 Mei: kistari. Wa tatu vilevile. Nikarudi daftari la kwanza nikalinganisha. Namba zote ni zile zile za mwaka wa harusi yenu.

Labda marehemu anaweza kurudi kupima joto. Lakini hawezi kuoa mara tatu zaidi, tena tarehe ile ile.

Sijamwambia mtu. Nikinyamaza, ofisi itaamini Babu aliiona dunia ikipoa. Nikisema, watatuita waghushi, na miaka arobaini ya kweli itatupwa pamoja na mitatu ya uongo. Daftari nakurudishia. Mwalimu nimemwambia unalihitaji kidogo.

Nifanye nini, Bibi?

Mjukuu wako

6 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mjomba anasema alikukuta umekaa unatazama uani, na hukumkaribisha hata maji. Kama nimekukosea, nisamehe.

Mstari bado uko ukutani. Wakili ameandika chini yake kwa penseli: IMEPONA. Kila nikipita naona kama nimeandika mimi.

Mjukuu wako

24 Novemba

Mke mwenzangu,

Marahaba mara mbili, kwa barua mbili. Hujanikosea.

Alasiri ile ya mwisho Babu yako alirudi kutoka kisandukuni akasema, "Namba imevuka tena ile ya juu kabisa. Na jua ni lile lile, tunalisingizia bure." Akakaa kitini. Nikamletea maji, nikakosa wa kuyanywa.

Ofisi haikuleta mpimaji mwingine. Siku ya pili yake, saa tatu, nikasikia bawaba inalia. Nikachukua kalamu. Mwandiko ule nilikuwa nimeutazama miaka arobaini, mkono wangu uliujua. Namba za kweli sikuzitaka tena, ndizo zilizomkalisha kwenye kile kiti. Nikanakili mwaka tuliooana, kwa sababu mwaka ule joto lilikuwa na adabu, na yeye alikuwepo kila siku isipokuwa saa ile moja. Nayo nikainakili. Ningeirukaje?

Tangu daftari lirudi nimekuwa kazini. Nimekata namba zote za uongo, moja moja, na kando ya kila moja nimeweka kistari. Asubuhi, mpimaji hayupo. Alasiri, mpimaji hayupo. Siku ya kwanza nilifika ishirini nikaweka kalamu chini. Jana nimemaliza. Ni vistari elfu mbili mia moja na tisini, pamoja na vile vitatu. Na yeye alinilaumu kwa kimoja.

Mpe Mwalimu daftari na barua hii. Amsomee na Wakili akipenda. Kosa ni langu. Babu yako hakuwahi kukisia.

Jambo moja tu. Leo nimekwenda kisandukuni. Mlango ulikataa. Bawaba imeganda kwa kutu, ilibidi niigonge kwa mchi mpaka ikakubali. Haijasogea tangu alipoondoka. Sasa wewe uliyesoma niambie: mimi nisiyesikia hata simu, miaka yote hii nilikuwa nasikia nini?

Kipimajoto kizima. Nimekifuta vumbi, nikavaa miwani. Nimefungua ukurasa mpya, kwa mwandiko wangu huu mbaya unaoujua:

24 Novemba, saa tisa alasiri: 37.2. Mpimaji yupo.

Bibi yako