Walipouliza Kama Kuna Shahidi

Arusha mjini,
Jumanne jioni.

Dada yangu Nkasiogi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yamepata nafuu sasa baridi ya Oldonyo Sambu inapungua. Ng'ombe wamepata majani? Nilisikia mvua ilinyesha kwenu siku mbili ikakata. Mwanao Yiamat na mkewe nawasalimu sana, na yule mjukuu wako mtundu mwambie babu yake wa mjini hajasahau viatu alivyomwahidi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako anasema shikamoo, na maharage uliyotuma tulikula tukamaliza.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu yako inapatikana. Dada, simu ningeikata. Ningefika mahali pabaya nikasingizia mtandao, najijua. Ndiyo maana nimempa Bariki, dereva wa Noah ya abiria, aikabidhi mkononi mwako, asimpe mtu mwingine yeyote.

Roho imenichafuka. Nikivaa joho Jumapili najisikia kama nimevaa nguo ya mgonjwa isiyofuliwa.

Kuna binti hapa usharikani anaitwa Naisiae. Ni fundi cherehani, anashonea kwenye kibaraza cha duka, ana miaka ishirini na mmoja. Mwezi wa tano alizaa mtoto wa kike bila ndoa, akaja ofisini kuomba mtoto abatizwe. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: mama arudi kwanza kundini. Asimame mbele ya watu wote siku ya ibada, aulizwe kama anatubu, ajibu ndiyo, ndipo mtoto apate maji. Nimewarudisha watu kundini kwa miaka ishirini na miwili, na wanaume waliowahi kusimama pale hawafiki vidole vya mkono mmoja. Mimba zote hizo, mtu angedhani huku mjini zinaletwa na upepo!

Naisiae alimtaja baba wa mtoto. Ni Lemburis, mwalimu wetu wa kwaya, mtoto wa Mzee Elinami, katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Na alisema kweli. Nasema hivyo kwa sababu Lemburis mwenyewe alinijia mwezi wa kwanza akanieleza. Hakuja kutubu, hata kidogo. Alikuja kuniomba nisaidie jambo lipoe, maana alikuwa ameshachumbia binti wa watu na posa imeshapokelewa. Alikaa pale ananukia manukato, akaniambia mchungaji si unajua mambo ya ujana. Nami nikamwambia tuombe. Tukaomba! Mtu mzima mimi, nikafumba macho nikaomba na yule kijana kana kwamba tunaombea safari.

Baraza lilikaa Alhamisi. Wazee kumi na mmoja, chai ya maziwa na maandazi, na yule binti amesimama. Walimwuliza ilikuwa mara ngapi, ilikuwa wapi, alikuwa amevaa nini. Aliyeuliza habari ya nguo alikuwa anatafuna. Mimi mwenyekiti nilikuwa natazama mafuta ya andazi kwenye ndevu zake, nikaona kinyaa, na bado nikamwacha aendelee kuuliza. Mzee Elinami akasema mwanawe amekana, basi kama kuna shahidi ajitokeze. Nami nikanyamaza pamoja nao. Wakaandika kwamba baba wa mtoto hajulikani, kisha tukafunga kwa sala.

Jumapili akasimama mbele, mtoto mgongoni. Kwaya ikaimba wimbo wa toba, na aliyekuwa anaimbisha ni nani? Ni huyo huyo Lemburis, amefumba macho kwa uchungu, mikono inapanda na kushuka. Mnafiki wa kutupwa! Nikasoma maneno ya kitabu kama yalivyo, nikamwuliza binti kama anatubu. Akanijibu kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyomweleza mteja kwamba gauni lake bado, kwamba dhambi yake anaitubu kwa moyo wote, ila nusu iliyobaki si yake, mwenyewe yuko pale anaimbisha, tumwulize.

Kanisa likaguna. Mpiga kinanda akaacha mikono juu ya kinanda. Watu wote wakageuka kunitazama, wakingoja mchungaji aseme neno. Unajua nilifanya nini, dada? Nilitangaza sadaka.

Baraza likakaa tena siku hiyo hiyo kabla watu hawajafika majumbani. Wameamua Naisiae atengwe miezi sita kwa kumsingizia mtu mbele ya madhabahu. Mtoto asibatizwe. Na Jumapili hii inayokuja nisome kwa mara ya tatu tangazo la ndoa ya Lemburis, yaishe. Karatasi ya kumtenga iko mezani kwangu, inangoja sahihi yangu tu.

Jana nilimfuata Naisiae kibarazani kwake. Hakunipa hata kiti. Aliniuliza swali moja, kama nilikuwa najua. Nikasema ndiyo, nilijua tangu mwezi wa kwanza. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, akakata uzi, ndipo akaniambia kwamba basi mimi ni mbaya kuliko wale wazee, kwa sababu wao walikuwa wanakisia. Aliniita baba mchungaji huku ananiambia hayo, kwa adabu kabisa.

Usiku huo nilisoma habari za Yuda na Tamari. Yuda alitaka mwanamke achomwe moto kwa mimba, mpaka alipoletewa fimbo yake mwenyewe aliyoiacha kwake, akakiri kwamba yule mama ana haki kuliko yeye. Miaka yote hii sijawahi kuhubiri sura ile. Nilikuwa nasema haifai mbele ya watoto. Uongo mtupu, nilikuwa naikimbia.

Dada, sasa nimefika pale ambapo simu ningeikata.

Wewe ulipomtaja Mwinjilisti Abdiel, uliambiwa hakuna shahidi. Wakakutenga kwa mimba, wakakuongezea na la kumsingizia mtumishi wa Mungu. Umeishi miaka thelathini na miwili ukiamini hakuna aliyejua. Shahidi alikuwepo. Ni mimi. Wazee waliniita, nina miaka kumi na tisa, wakaniuliza kama niliwahi kumwona Abdiel na wewe. Nilikuwa nimewaona kwenye ghala la mahindi. Nilikusikia unamwambia akuache. Nikarudi nyuma polepole nisisikike. Na siku ile ya kuulizwa, barua ya kunipendekeza kwenda chuo cha Biblia ilikuwa kwa Abdiel, haijasainiwa. Nikawaambia sijaona kitu. Wiki ile ile akaisaini. Uchungaji wangu ulianzia hapo, usidanganywe na mtu kwamba niliitwa na Mungu. Hata alipokufa ni mimi niliyemzika, nikamwita mtumishi mwema na mwaminifu, watu wakalia.

Na kuna la yeyo, mama yetu. Ile siagi uliyokuwa unamtumia kila Krismasi hakuila hata siku moja. Aliwapa majirani, akisema hawezi kula kutoka mkono wa mtu aliyemzulia mtumishi wa Mungu. Miaka minane aliishi kwangu, nami nimekaa naye meza moja nasikia. Neno moja tu lingetosha. Amekufa hajamwita Yiamat mjukuu wake hata mara moja, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Karatasi ya Naisiae sitaisaini. Jumapili sitasoma lile tangazo. Nitasema mbele ya watu nilichoambiwa na Lemburis na jinsi nilivyonyamaza, na mtoto nitambatiza siku hiyo hiyo, wanivue joho wakitaka. Mkuu wa jimbo nimeshamwandikia. La Naisiae alishalisema mwenyewe hadharani, nalifuata tu. Lako ni lako, sina haki ya kulitoa kinywani bila wewe. Ukitaka nilitaje pamoja na jina la Abdiel, mwambie Bariki ndiyo. Usipotaka, mwambie hapana. Yiamat mweleze wewe, au niachie nije nimweleze mimi, na akitaka kunipiga msimzuie.

Msamaha sikuombi. Nimewasimamisha wanawake wengi nikawauliza swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kitabuni. Wewe sikuulizi.

Wasalimie wote boma zima, na majirani wanaonikumbuka. Mungu akutunze, dada, hata kama mimi sikukutunza.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuona,
Koikai