Sifa Alizoandikiwa Rebeka

Usagara, 3 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mvua imetuandama na matope yanawavua watu viatu. Mguu wako je, bado unauma ukisimama sana? Najua utasema umepona.

Nakuandikia kwa sababu ukiwa sokoni Mwaloni simu yako ni makelele matupu. Mimi nasema hili, wewe unasikia bei ya dagaa. Nina ombi. Unajua mimi ni katibu wa kamati inayounda upya mitaala ya chuo chetu. Waajiri wanalalamika kwamba wahitimu wetu wanajua vitabu lakini hawajui kusema na mtu wala kuamua jambo. Basi tumeweka somo jipya, Stadi za Kazi na Maisha. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anakaa wiki sita na mtu wa kazi, kisha mtu huyo anamjazia fomu. Akifeli, hahitimu. Anarudia mwaka.

Nakuletea Rebeka, anasoma sayansi ya chakula. Kuna kiwanda cha samaki kinamsubiri Agosti, mradi awe amehitimu. Mpe kazi kweli kweli, usimwonee huruma kwa ajili yangu. Mwishoni andika kwa maneno yako jinsi ulivyomwona. Wewe uliyenilea mimi huwezi kushindwa na binti mmoja.

Mwanao,
Odeta

Kirumba, 22 Aprili 2025

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Mguu umepona. Unauma, lakini umepona.

Huyo binti mngeniachia tu, chuo mchukue mwingine. Nimemwandikia sifa mpaka mkono umechoka. Nimeandika hivi: hanitazami usoni ninapomsemesha. Hajibizani. Hapingi neno la mkubwa. Hafanyi jambo mpaka aambiwe. Anasalimia kwa kupiga magoti hata pale penye magamba ya samaki. Wazazi wake kule Magu wamelea, mama. Wengine wa siku hizi wanakukodolea macho kama vile uliwaibia kuku, na wewe na hiyo miwani yako umeanza kufanana nao.

Fomu nimeipiga muhuri wa duka. Mpeni alama zote, na zikibaki mpeni na hizo.

Shangazi yako,
Bernadeta

Usagara, 14 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo siulizi habari ya mguu, nisamehe. Rebeka amefeli.

Fomu yako ilisomwa kwa sauti mbele ya kamati. Mtaala unasema mwanafunzi apewe alama akimtazama mtu machoni, akitoa maoni hata yanayopingana na ya mkubwa wake, akianza kazi bila kusukumwa. Wewe umeandika kinyume cha kila kimoja, kwa mkono wako na kwa muhuri. Amepata kumi na moja kati ya hamsini. Wenzangu wakaniuliza huyo mama alimchukia mtoto kwa lipi. Nikaisoma tena karatasi yote. Kisha nikaisaini, maana katibu ni mimi.

Asubuhi nilimwita nikamwambia mwenyewe. Alisema, "Asante, mwalimu," akapiga magoti, akatoka. Sijamaliza hata chai tangu hapo.

Shangazi, kuna lolote uliloliacha? Hata liwe dogo, niandikie.

Mwanao,
Odeta

Kirumba, 18 Mei 2025

Odeta,

Barua yako nimeisoma mara nne nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Nilimchukia? Mimi? Nimemsifu mtoto, ninyi mkamhukumu kwa sifa zangu! Hao wenzako walikaa wamevaa suti wakasoma "hajibizani" wakaona ni aibu?

Basi sikia jambo nililomsitiri. Wiki ya nne Mzee Nkwabi alileta dagaa wake kutoka visiwani. Ananiletea miaka kumi na sita sasa. Lori la kwenda Kongo lilikuwa linapakiwa, wabeba mizigo wamejaa. Rebeka akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka chini, akasugua dagaa kwenye kiganja. Akafungua la pili, na la tatu. Hakuna aliyemtuma. Akapiga magoti mbele ya mzee, macho chini, akasema kila mtu asikie:

"Shikamoo, babu. Wa juu wameanikwa kwenye chanja, wa chini wameanikwa mchangani. Hawa hawapandi gari."

Nkwabi akafoka, "Wewe mtoto unanifundisha dagaa mimi?"

"Hapana, babu. Lakini hawapandi."

Magunia kumi na mawili yakashushwa. Na ni kweli, yalikuwa mchanga mtupu. Nilitamani ardhi inimeze, binti kumwambia vile mzee mbele ya wanaume! Nilimgombeza hadi akalia. Siku ya kujaza fomu nilishika kalamu, nikasema hapana, hili nisimwandikie mtoto wa watu, litamharibia maisha. Nikalificha. Kumbe ndilo mlilokuwa mnalitafuta! Ee Mungu wangu, nimemfelisha kwa kumstahi.

Niambie, nani alitunga fomu hiyo? Mtu huyo alilelewa na nani?

Jumatano naja mwenyewe. Waambie hao maprofesa waniwekee kiti.

Shangazi yako,
Bernadeta

Usagara, 9 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Uliondoka kikaoni bila hata kunywa maji, ndiyo maana nakuandikia. Wamebadili alama. Rebeka atahitimu. Uliposema, "Mimi ndiye niliyeficha, niadhibuni mimi," mwenyekiti alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Uliuliza nani alitunga fomu. Sikuthubutu kukujibu mbele za watu. Ni mimi, na nililelewa na wewe. Nilipomaliza masomo niliitwa kwenye usaili, nikajibu kila swali nikiwa nimeinama, wakaninyima kazi. Nikaapa wanafunzi wangu hawatapatwa na hilo. Kumbe nimewachapa kwa fimbo ile ile.

Halafu kuna hili. Jumamosi nilitoa kabatini fomu zote za waliofeli. Seremala wa Sengerema ameandika: "Kijana mtulivu, hainui macho." Mama lishe wa Ngudu: "Hajawahi kunijibu hata mara moja, Mungu ambariki." Mungu ambariki, Shangazi! Na mimi nikampa tisa. Nimewahesabu waliofeli kwa kusifiwa. Ni ishirini na mmoja. Fomu zao zote nilizisaini, sikuona kitu. Muda wa rufaa uliisha Ijumaa, na wengi wamekwisha kwenda makwao.  Hakuna anayejua ila mimi na wewe.

Mwanao,
Odeta

Kirumba, 12 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nilipofika kwenye hesabu ile niliketi juu ya gunia, wateja wakadhani nimeugua. Ishirini na mmoja! Nimekukasirikia, sikufichi, na nimejikasirikia mimi pia, maana kama nisingekujua ningekuwa mmoja wa hao wanaobariki watoto wakidhani wamewasaidia.

Kesho nakwenda Sengerema kwa huyo seremala, nikamuulize kijana alifanya nini ambacho hakukiandika. Kisha Ngudu. Wewe nenda kwa mwenyekiti. Mwambie fomu ina kosa, uliitunga wewe, na sahihi zote ni zako. Akisema muda umekwisha, usiondoke.

Huenda wakakufukuza kazi. Najua, mama, nimelifikiria hilo usiku kucha. Chumba chako kipo, kitanda nimekitandika. Lakini usije kabla hujawaambia.

Shangazi yako,
Bernadeta