Neema Atwanga Mpunga Kakese

Shikamoo mama,

Huku Kakese jua ni kali, ila tunakula vizuri. Jana mjukuu wako Neema alimwambia bibi yake wa huku kwamba mchele unatengenezwa dukani. Watu wakacheka, mimi nikaona aibu. Nikasema kesho atajua.

Leo asubuhi nimempeleka shambani, tumevuna pamoja nikiwa nimemshika mkono wenye mundu. Tuliporudi nikampa mpunga mkavu wa mavuno ya awali na kinu kidogo, atwange mwenyewe. Kufika saa sita kiganja kimetoka lengelenge. Mama mkwe akaja juu: “Mama Neema, mwonee huruma mtoto!” Nilikaribia kukubali. Neema akachungulia kinuni, akasema, “Mpunga bado una maganda, bibi,” akaendelea kutwanga.

Mchele ulijaza kikombe kimoja tu. Nilipoupika ukaiva, Neema hakuonja. Alimpelekea bibi yake kijiko cha kwanza, akasimama mbele yake mpaka akameza. “Nimeutwanga mimi,” akamwambia.

Nakukumbuka sana mama, usiache dawa za presha. Konzi moja ya mchele huo aliibakiza, amekufungia kwenye leso, na amesema lazima akuone ukila.

Mwanao,
Mama Neema