Bahasha ya Tatu

Vällingby, Novemba 1976

Kaka Nassoro,

Uchaguzi wa Marekani umekwisha. Rais aliyekuwepo ameshindwa, mpinzani wake ameshinda, na yule mgombea huru, seneta wa zamani aliyepinga vita, hakupata hata jimbo moja. Naanza na matokeo kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha: habari juu, maombolezo chini. Uliondoka wiki chache kabla hayajatoka, na najua ungeyataka.

Hapa Sweden kuna serikali mpya ya vyama vitatu. Ulikufa wakiwa bado wanabishana nani akae kiti gani.

Tulikuzika kwenye sehemu ya Waislamu, makaburi ya kusini, asubuhi ya manyunyu. Wafula wa Rågsved, yule Mkenya wako wa kubishana naye, alikuja na suti yake ya harusi. Aliniuliza chinichini kama Mkristo anaruhusiwa kutupia udongo. Nikamwambia tupa. Akasema, "Nitatupa, lakini huyu mzee atafufuka anikosoe ninavyoshika koleo." Siku ya hitima, nyumbani kwako, walikuja Waswidi kumi na moja wa darasa lako la Kiswahili, wakapanga viatu mlangoni na kusema pole mmoja mmoja. Binti yako Zuhura alisoma Fatiha vizuri. Nilipompa pole alinijibu kwa Kiswidi, kisha akaona aibu, akarudia kwa Kiswahili.

Hayo ndiyo mabadiliko. Sasa jambo lililonifanya nikae kuandika.

Mhariri wa Dar es Salaam ameniomba tanzia yako. Huyu ni mpya, hamkuwahi kukutana. Anataka mistari arobaini: ulizaliwa wapi, uliandika nini, umeacha nani. Mwisho wa barua yake ameongeza kwamba kwenye jalada lako amekuta habari ya mwaka 1968, ya Marekani kukosa rais. Anasema niiweke kwa utani kidogo, wasomaji wa zamani bado wanaikumbuka. "Kosa maarufu la marehemu," ndivyo alivyoliita.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili.

Unakumbuka utaratibu wetu. Barua ya ndege ilichukua wiki nzima kufika Dar es Salaam, na telegramu ndefu gazeti halikuzikubali. Kwa hiyo kila uchaguzi tuliandika makala mbili mapema, kila moja kwenye bahasha yake, ya kwanza kama chama hiki kimeshinda, ya pili kama kimeshinda kile. Mhariri alizifungia kabatini. Siku ya matokeo tulipeleka telegramu ya maneno mawili, fungua moja au fungua mbili, na chini yake jina lako. Kila telegramu ilikwenda kwa jina lako, hata niliyoiandika na kuipeleka mimi, kwa kuwa mwandishi aliyetambuliwa na gazeti ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa "msaidizi wa Nassoro", bila kitambulisho.

Mwaka ule nilitaka bahasha ya tatu. Kulikuwa na mgombea wa chama cha tatu, gavana wa zamani kutoka kusini, na hesabu ilionyesha kwamba akinyakua majimbo ya kutosha hakuna atakayepata zaidi ya nusu ya kura za wajumbe wa majimbo, wale wanaomchagua rais. Rais angechaguliwa na Bunge. Nilikwambia vyama vile viwili vikubwa vitapasuka mbele ya macho yetu. Danny, yule askari kijana wa Ohio aliyetoroka jeshi akapewa hifadhi hapa na kulala kwenye kochi lako msimu ule, alikubaliana nami. Yeye hakumpenda yule gavana. Alitaka tu ukuta upate ufa, ili siku moja apite mtu wa kusimamisha vita, naye arudi kwao.

Wewe ulitupeleka kwenye chumba cha kufulia.

Nimewasimulia hadithi hiyo watu wengi. Ulitusimamisha mbele ya ubao wa kufuli, ule ambao kila mpangaji hutundika kufuli lake kwenye saa anayoitaka. Ulisema, "Sweden ni hivi. Ukipata saa mbili, unafua saa mbili. Jirani akipata tatu, anafua tatu. Sasa nipeni mwenye kufuli nyingi kuliko wenzake, apewe mashine zote, siku nzima. Wengine wote nguo zao zinabaki chafu. Hiyo ndiyo Marekani, jimbo kwa jimbo." Danny akauliza, je, wapangaji wakichoka na watu hao wawili? Ukamjibu, "Wakichoka, wanamchagua asiyewaudhi sana kati ya hao wawili, kwa kuogopa yule mwingine asichukue mashine. Wa tatu wanampenda kwa mdomo tu."

Nikasema, lakini huyu anaweza kushinda kule kusini. Ukasema ndiyo, kwa sababu watu wake wanakaa pamoja, ngazi moja ya jengo. Mwenye watu waliotawanyika jengo zima hapati hata saa moja. Kisha ukasema lile ambalo sikuliandika popote, na ndilo lililotimia: "Usiulize kama atashinda. Uliza nani atakula chakula chake baadaye."

Tulitaka chama cha tatu, na cha kwanza tulichokiona kikiwa na nguvu kilikuwa cha mtu asiyetaka watoto weusi wakae darasa moja na wa kwao. Hilo pia ulilisema, ukikausha mikono. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika. Uliniacha niitume bahasha ya tatu. "Mhariri anapenda karatasi," ulisema.

Asubuhi ya matokeo tulikuwa sebuleni kwako, wewe, mimi na Danny, na Shemeji Mwanaidi jikoni. Redio ya mawimbi mafupi ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Yule gavana alikuwa amechukua majimbo ya kusini kadhaa, na wale wawili walikuwa wamekabana koo. Mtangazaji alisema huenda asipatikane mwenye nusu. Alisema huenda. Nililisikia neno hilo vizuri, sina kisingizio cha masikio.

Ukasema, "Subiri mpaka jioni." Ukaingia msalani kunyoa ndevu.

Nilivaa koti nikaenda ofisi ya telegramu. Fungua tatu. Nassoro.

Jioni ilipofika, mshindi akajulikana, mmoja wa wale wawili kama ulivyosema. Ukatuma fungua moja. Toleo la Dar es Salaam liliokolewa. Toleo la mikoani lilikuwa limeshapanda treni, na kesho yake watu wa Dodoma na Tabora walisoma kwenye ukurasa wa mbele kwamba Marekani haina rais. Mhariri wa wakati ule akauliza kwa telegramu nani alituma ya kwanza. Nilikuwa nimesimama karibu yako ulipojibu. Uliandika neno moja, mimi, ukaweka jina lako, na jina hilo safari hii lilikuwa la mtu mwenyewe.

Nilidhani nitasema siku ile. Halafu nikadhani nitasema gazeti likikuuliza tena. Halikuuliza tena. Baada ya miezi mitatu lilikuachisha kazi, na wiki hiyohiyo likanipa mimi nafasi yako, na kitambulisho. Uliisoma barua yangu ya ajira, ukaniambia picha yangu imepigwa vibaya. Ukaenda kuwafundisha Kiswahili Waswidi wanaokwenda kufanya kazi kwetu, na ukaifanya kazi hiyo mpaka ulipoanguka.

Hukuwahi kunitajia. Isipokuwa kwa utani. Nikipakua wali kabla haujakauka: "Huyu kafungua ya tatu." Nikivuka barabara taa haijawaka: "Ya tatu hiyo." Mwaka 1972, nilipoandika mapema mno kwamba vita vinakwisha, ulinipigia simu ukasema neno "bahasha" ukakata. Nilicheka kila mara. Sijui ulikuwa unanisamehe au unanikumbusha. Niliacha kuchunguza, na hiyo kwa mwandishi wa habari ni aibu.

Jana nilikwenda kwa Shemeji. Nilikuwa na rasimu mbili mfukoni. Moja ina ule utani, nyingine haisemi lolote juu ya mwaka 1968. Nilikuwa nimeamua kumwonyesha hiyo ya pili na kuacha mambo yaishie hapo. Alikuwa anatenga nguo zako, makoti upande mmoja, mashati upande mwingine. Alisoma rasimu kwa miwani yako, kwa kuwa ya kwake haimsaidii tena.

Akasema, "Mbona hujaandika habari ya telegramu?"

Nikamwambia sikutaka kumchafua marehemu.

"Marehemu?" Akaiweka karatasi juu ya mashati. "Hemedi, siku ile nilikuwa nachemsha chai. Dirisha la jikoni linaangalia barabara. Nassoro alikuwa na sabuni usoni. Nilimwona aliyetoka na koti."

Akaendelea kukunja shati, bila hasira yoyote.

"Miaka minane nakupikia. Kila ukija najisemea, leo atasema. Nikamwambia mwenzako, huyu ndugu yako hatasema. Akaniambia, subiri mpaka jioni." Akalipiga shati kofi dogo, likakaa sawa. "Basi amekufa anangoja. Mimi siwezi. Zuhura anasoma magazeti."

Zuhura alikuwa kwenye meza ya jikoni na vitabu vyake vya shule. Hakuinua kichwa, ila kalamu yake ilikuwa imesimama.

Kwa hiyo nimeandika rasimu ya tatu. Inasema kwamba telegramu ya asubuhi niliituma mimi, bila ruhusa yako, baada ya wewe kusema tusubiri. Inasema ulibeba lawama kwa hiari yako na ukapoteza kazi, na mimi nikaichukua kazi hiyo nikijua. Mistari kumi imekwenda kwenye jambo hilo, na nimepunguza mahali ulikosoma. Utanisamehe. Nimetia pia maneno ya chumba cha kufulia, kwa sababu ndiyo makala uliyostahili kuandika mwaka ule, na mwaka huu yamekuwa kweli tena. Yule seneta alipendwa na wengi kwa mdomo. Siku ya kura walihesabu mashine, wakarudi kwa wale wawili. Yule gavana wa 1968 naye hakuvunja kitu. Mmoja wa wakubwa alijifunza lugha yake, akaisema kwa sauti ya chini zaidi, akala chakula chake. Danny bado yuko hapa, anaendesha treni ya chini ya ardhi, ana mke Mswidi. Anasema siku hizi hauoni tena ule ufa. Haangalii hata.

Mimi nadhani chama cha tatu kitajaribu tena kule, na tena. Kitakachoweza ni kuwatisha wawili wale na kuwalazimisha wabadilishe maneno. Kukaa mahali pao sioni, mpaka wabadilishe ubao wenyewe. Nimekubaliana nawe, imenichukua miaka minane.

Gazeti linaweza kuninyang'anya kitambulisho. Mhariri mpya hapendi kudanganywa na majalada yake mwenyewe, na sitamlaumu. Shemeji anasema darasa lako la Kiswahili halijapata mwalimu. Sikujua kama anatania. Zuhura alicheka, kwa hiyo nadhani anatania nusu.

Rasimu imekwenda kwa barua ya ndege leo asubuhi. Barua zinachelewa, na mhariri anaweza kuamua kutumia ile habari ya kwenye jalada. Kwa hiyo nimejaza pia fomu ya telegramu: Kosa 1968 langu. Nassoro alisema subiri. Chini yake jina ni Hemedi. Nimesoma kila neno mara mbili, kisha nikamsomea Shemeji, naye akaniambia kunywa chai kwanza.

Kwaheri, kaka. Nakuahidi kwamba Zuhura ataisoma tanzia yako ikiwa na maneno hayo ndani yake. Wasipoichapa, nitampelekea nakala kwa mkono wangu, na nitakaa palepale mezani mpaka amalize kuniuliza maswali. Uchaguzi ujao wa Marekani nitaandika tena bahasha tatu, nikiwa bado na kazi.

Ni saa kumi jioni na nje giza limeshaingia, unaijua Novemba ya hapa. Ofisi ya telegramu inafungwa saa kumi na mbili. Chai nimeimaliza. Imefika jioni, naenda.

Mdogo wako,
Hemedi