Cliquet ya Baba na ile ya mupira nyekundu

Kwa mudogo yangu Fidèle, kule Kabalo,

Jambo yako, mudogo. Jambo ya Mama na magoti yake ile inamusumbua, jambo ya Baba na kikohozi yake. Mvua ilifika? Mihogo inaota? Miye niko. Napumua, nakula bukari, Mungu asifiwe. Zaidi ya pale usiniulize kwanza.

Utashangaa juu ya nini nimekuandikia karatasi, nikaipatia mama jirani anayepanda train, na sikukutumia sauti ku telefone. Ni juu nakujua. Sauti yote unayopata unaifungulia nyumba nzima, mpaka majirani banakuja na sahani mukononi kusikiliza. Barua hii uisome peke yako kwanza, kule nyuma ya nyumba. Na usicheke maandiko. Najua imeinama kama ya mutoto wa darasa ya première. Nitakuambia sababu.

Uliniuliza: "Yaya, nataka kununua cliquet ya kufungulia maboulon ya motokari mbele ya kushuka Lubumbashi kujifunza ufundi. Nichague ya mupini gani? Nataka kama yako, ile ya mupini ya mupira nyekundu naonaka ku foto." Fidèle! Ile foto! Nimesimama na nguo ya bleu mupya ya kazi, kifua mbele, nimeshika cliquet nyekundu kama askofu na fimbo yake. Mupumbavu mukubwa!

Sikiliza vile ilikuwa.

Wakati nilifika huku Lubumbashi, nilikuja na cliquet ya Baba, ile alifungulia maboulon miaka yote ku atelier ya kutengeneza train. Unaijua: mupini ya chuma tupu, bila rangi, na mistari midogo-midogo pale kiganja inashika. Mu garage ya Bel-Air, fasi nilipata kazi, balinicheka. Dieudo, fundi mwenzangu, kila nikiitosha mu sanduku anapiga filimbi: "Pouuu! Train ya Kabalo imefika! Bapasenjere bashuke!" Bote banavunjika mbavu. Na miye nilikuwa nachekaka nabo, lakini roho inauma. Siku moja patron, mwenye garage, akaweka pa meza cliquet mupya ya mupini ya mupira, akasema, "Mwenye kuitaka aichukue." Hakuna muntu alinisukuma. Nilinyoosha mukono miye mwenyewe. Ikakaa mu kiganja laini kabisa, nikasema, eh, hii njo kintu ya bantu ya leo.

Unakumbuka vile Baba anatufundishaka? Mbele ya kukuachia ufunguo yoyote, anakuambia uchovye mukono mu mafuta chafu ya motere, ufunge macho, kisha ushike. Kama inazunguka mu kiganja, uirudishe. "Mukono mukavu iko na uongo," njo vile anasemaka. Pale pa meza ya patron nilikuwa nimetoka kunawa na sabuni. Mukono ilikuwa mukavu kama ya mwalimu.

Ile ya Baba niliipeleka ku nyumba, kule Annexe fasi napanga, nikaifanya komeo ya mulango. Umesikia? Komeo! Na siku Baba aliona ile foto, akaniuliza mu telefone: "Na yangu iko wapi?" Nikamudanganya. Nikasema baliiba. Ulikuwa pale karibu yake, ulisikia vile alijibu. Hakupiga kelele. Alisema polepole: "Mukono ile iliichukua, ikauke." Kisha akakata telefone.

Miezi ikapita, nikaanza kusahau. Kisha kamio moja ya mizigo ikaingia, imetoka Kasomeno na samaki ya kukauka, boîte ya vitesse, ile ya gia, inavuja mafuta. Nikalala chini yake na ile cliquet nyekundu. Maboulon yote ilikubali, ya mwisho ikakataa. Mafuta inateremuka mu mukono mpaka mu kiwiko. Nikavuta na nguvu yangu yote, na nikasikia kintu inageuka mu kiganja. Boulon haikugeuka. Ni mupira njo iligeuka. Ikachomoka muzima-muzima kama ngozi ya ndizi, na mukono yangu ikaenda kujipiga pa ncha ya chuma ya kamio. Wakati balinivuta inje, nilikuwa bado nimekamata ile mupira.

Munganga alishona muzuri, simulaumu. Lakini mishipa ya bidole mbili ilikatika, na kidole ya tatu haijui inataka nini. Mukono ya kuume haikunjiki tena. Sasa unajua juu ya nini maandiko inaanguka: nakuandikia na ya kushoto. Ile ya kuume imekonda, imekauka. Imekauka, Fidèle! Neno ile ile ya Baba.

Padri aliniambia Mungu hafuati hasira ya bantu. Inawezekana. Nimekuwa fundi, najua ni mafuta na mupira mubaya. Lakini kila nikiangalia bidole, ni sauti ya Baba nasikia. Na kinachonichoma sana haiko bidole. Ni vile niliona haya juu ya kintu ya baba yangu, juu ya filimbi ya Dieudo. Dieudo! Leo njo yeye anatumia ile cliquet nyekundu, aliifunga mupira na waya. Miye patron alinipa kazi ya kufungua geti. Fundi mutoto wa fundi, mufungua geti!

Sasa swali yako. Mupini fupi ni ya fasi finyu. Murefu inakupa nguvu, lakini inakata boulon kama hauna kichwa. Ile ya shingo ya kukunja iko muzuri mpaka siku muchanga inaingia mu shingo. Zote utazizoea. Ya mupira uwaachie bantu ya foto. Na ile utachagua, hata kama ni nzuri, muuzaji akupatie mafuta kwanza, uchovye mukono pale mbele yake. Atapiga kelele. Mwache apige.

Lakini hauna haja ya kununua. Mu mufuko ile mama jirani amekuletea na barua hii utapata cliquet ya Baba. Niliitosha pa mulango, nikaipangusa na petroli, na inalia kri-kri-kri vile vile. Nilikuambia usome peke yako. Sasa ingia mu nyumba, ukae karibu ya Baba, usome tena na sauti, tangu mwanzo, na usiruke pale pa komeo. Kisha umuwekee cliquet yake mu mukono, mupini mbele; yeye njo atakuachia. Kama anataka, achukue maji mu kinywa, ateme chini, aseme neno yake ameirudisha, vile bazee yetu banafanyaka. Kama anakataa, usibishane naye. Iko na haki.

Mama akilia, umuambie nakula. Musalimie shangazi anayeuza mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, karibu na gare ya train, na yomba anayepiga kengele ya kanisa. Ule mutoto wa dada yetu aliyezaliwa nikiwa huku, umubebe kidogo pa nafasi yangu, na mikono yako mbili.

Ni miye yaya yako, Placide.
Mwizi ni miye.